Ngozi isizeeke kabla ya wakati wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa ngozi nyeusi na ya maji ya kunde inayoishi chini ya jua la Afrika Mashariki. Maswali ni yale yanayokuja kila siku kwenye dirisha la duka la dawa, mengine kwa sauti, mengine kwa kunong'ona wateja wengine wakishaondoka. Mwenye hela kidogo asome mpaka swali la nne kabla hajanunua chochote.

Kwani ngozi nyeusi nayo inazeeka?

Inazeeka, ila ina mwendo wake. Melanini, ile rangi inayotufanya tuwe weusi, hunyonya sehemu ya miale ya jua kabla haijafika ndani. Ndiyo maana mikunjo ya pembeni mwa macho huwatokea Wazungu mapema, na sisi hutufuata mara nyingi miaka kumi baadaye au zaidi.

Kinachotangulia kwetu ni rangi kuvurugika: mabaka mashavuni, alama nyeusi zinazobaki chunusi ikishapona, weusi kuzunguka macho. Kuna na vile vipunje vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni na shingoni, ambavyo aghalabu hurithiwa kwenye ukoo na havina madhara yoyote. Ngozi kulegea huja baadaye, na hapo mistari ya kutoka puani hadi pembe za mdomo huonekana wazi. Ukilijua hilo utaokoa fedha nyingi. Krimu ghali ya kufuta mikunjo inaweza kuwa inatibu shida ambayo huna, huku mabaka yanayokukera yakiachwa yalivyo.

Ni nini hasa kinachoizeesha?

Kwanza miaka yenyewe. Kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazofanya ngozi ikaze, hupungua kidogo kidogo tangu ujana, na kwa wanawake hupungua kwa kasi hedhi inapokoma. Hilo halina mtu wa kulaumiwa. Lakini sehemu kubwa ya tunachokiita uzee wa uso ni kazi ya jua. Miale ya UVB huunguza ngozi ya juu. Ya UVA huisikii ikichoma, lakini hupenya mpaka kwenye kolajeni na kuiharibu, na kioo cha kawaida cha dirisha hakiizuii.

Mwaka 2012 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso, ulioelekea dirishani, ulikuwa umejaa matuta na mifereji. Upande wa kulia ungedhani ni wa mdogo wake. Kwetu Kenya, Tanzania na Uganda usukani uko kulia, kwa hiyo dereva wa masafa marefu akinunua losheni ya jua asisahau shavu la kulia na mkono anaouegemeza dirishani.

Watu wa Nairobi, Mbeya na Kigali wasidanganywe na baridi. Kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, miale hii huongezeka kwa asilimia 10 hivi, na mawingu mepesi huipitisha kwa wingi. Ubaridi unakuondolea joto, jua liko palepale.

Baada ya jua, sigara. Hupunguza damu inayofika kwenye ngozi na kuharakisha kukatika kwa kolajeni, na midomo ya mvutaji wa miaka mingi inajieleza yenyewe.

Losheni ya kukinga jua si ya Wazungu na watu wenye ualbino? Mimi inanihusu nini?

Kwa mtu mwenye ualbino losheni hiyo ni suala la uhai, kwa sababu saratani ya ngozi inaweza kumkuta akiwa bado kijana. Moshi hutengenezwa losheni maalumu iitwayo KiliSun kwa ajili yao, na kwao haipaswi kuwa anasa hata kidogo.

Kwako wewe mweusi suala ni jingine. Vipimo vya zamani vilionyesha kuwa ngozi nyeusi sana ina kinga ya asili inayokaribia SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua, namba ikiwa kubwa kinga ni kubwa), wakati ya Mzungu haifiki hata 4. Ni kinga nzuri, lakini haitoshi kuzuia mabaka. Jua la mchana mmoja linaweza kurudisha doa ulilolihangaikia miezi mitatu, na ndiyo maana wengi husema krimu za madoa hazifanyi kazi: wanafuta usiku, jua linaandika mchana.

Ushahidi mzuri kuliko wote umetoka mji wa Nambour, Australia. Watu wazima 903 wa chini ya miaka 55 waligawanywa: kundi moja lipake losheni ya jua kila siku, jingine lipake likijisikia. Baada ya miaka minne na nusu, ngozi ya waliopaka kila siku haikuonyesha kuongezeka kwa uzee kunakopimika. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Hao ni watu weupe, ni kweli, lakini kolajeni yao na yetu ni moja na UVA ni ileile.

Ukienda dukani tafuta SPF 30 au zaidi, pamoja na maneno Broad Spectrum, au herufi UVA ndani ya duara, maana SPF peke yake hupima UVB tu. SPF 30 huzuia kama asilimia 97 ya UVB, na SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo usiumie kulipa mara mbili kwa asilimia moja. Kama shida yako ni mabaka, chagua yenye rangi ya kahawia ndani yake. Rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, nazo huzuia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao kwa ngozi nyeusi nao huleta weusi. Faida ya pili: haikuachi na uso wa majivu.

Kiasi ndicho kinachowashinda wengi. Kwa uso na shingo, kamulia mistari miwili, ijae urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Ukipaka tone dogo kama krimu ya usiku, SPF 30 iliyoandikwa kwenye kopo haiko usoni kwako. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje au ukitoka jasho. Anayeshinda ofisini mbali na dirisha apake asubuhi, na tena kabla ya kutoka.

Sina hela ya kununua losheni ya jua kila mwezi. Nifanyeje?

Kaa kivulini. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, mtandio, kofia yenye ukingo mpana na mwavuli hufanya kazi kubwa kuliko losheni iliyopakwa kwa kubania. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana kinakinga vizuri zaidi kuliko chepesi kinachopitisha mwanga. Kiinue juu uangalie. Wauza mboga wanaofunga mwavuli mkubwa juu ya meza wanalinda mchicha, na nyuso zao pia. Losheni kidogo uliyo nayo ipake usoni, shingoni na mgongoni mwa viganja, sehemu ambazo kanga haifiki.

Chakula gani hasa kinasaidia?

Nianze na sufuria ya nyanya. Nchini Ujerumani mwaka 2001 watafiti waliwapa watu gramu 40 za nyanya ya kopo kwa siku pamoja na mafuta kidogo ya zeituni. Baada ya wiki kumi waliwapiga mwanga unaofanana na wa jua, na uwekundu wa kuungua ulikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi kuliko kwa wenzao ambao hawakula nyanya. Kinachofanya kazi ni laikopini, rangi nyekundu ya nyanya, ambayo mwili huipata vizuri zaidi nyanya ikiwa imepikwa na kuchanganyika na mafuta. Mama anayekaanga kitunguu, akamimina nyanya, akaziacha zitokote mpaka mafuta yaelee juu ya mchuzi, amefanya hicho hicho jikoni kwake. Kachumbari ni nzuri kwa mambo mengine. Na hata huo mchuzi usiuhesabu kama mwavuli. Kinga yake ni ndogo na huchukua wiki nyingi kujengeka.

Mboga za majani zifuate kanuni ileile ya mafuta. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga na sukuma wiki zina karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nayo haifyonzwi vizuri bila mafuta. Tui la nazi na karanga za kusaga zinafanya hiyo kazi tangu zamani. Kinachoharibu ni kuchemsha mboga, kumwaga maji, halafu kuzipika tena, na magadi. Magadi hulainisha kisamvu haraka, sikatai, lakini huteketeza vitamini C.

Na vitamini C ndiyo mwili unayoitumia kufunga nyuzi za kolajeni. Pera moja la ukubwa wa yai lina zaidi ya kiwango cha siku nzima, na linashinda chungwa kwa mbali. Ubuyu, embe, papai na pilipili hoho mbichi zote zina sehemu yake. Ubuyu ule wa rangi uliokolezwa sukari tuuhesabu kama pipi.

Protini isisahaulike, kwa sababu kolajeni yenyewe ni protini: maharage, kunde, choroko, mayai, dagaa. Dagaa, vibua na jodari huongeza mafuta ya omega-3 yanayotuliza uvimbe mwilini. Parachichi nalo lina mafuta mazuri na vitamini E. Wapo wanaolipaka usoni pamoja na kiini cha yai. Vyote viwili vingefaa zaidi vikiliwa.

Sukari inazeesha ngozi kweli, au ni maneno ya mtandaoni?

Kweli, ingawa si kwa kikombe kimoja. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, hujishikiza kwenye kolajeni na kuifanya ngumu na nyepesi kukatika. Kwa wagonjwa wa kisukari jambo hili huonekana waziwazi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana iishie 25, yaani kama vijiko sita vya chai. Chai ya vijiko vinne asubuhi na chupa moja ya soda mchana, umeshakaribia hizo 50 na hujagusa andazi.

Nikinywa lita tatu za maji kila siku ngozi itang'aa?

Utakwenda chooni mara nyingi. Kunywa ukisikia kiu, zaidi kidogo wakati wa joto. Ukavu wa ngozi hutibiwa kwa kupaka, si kwa kunywa.

Vipi vidonge vya kolajeni, biotini na vile vya kung'arisha?

Kolajeni ya unga ukiinywa humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote. Zipo tafiti zilizoona ngozi ikiongezeka unyevu kidogo, na nyingi kati yake zimelipiwa na wanaoiuza. Haina madhara makubwa isipokuwa kwa mfuko. Ukipenda utelezi wa supu ya kongoro, endelea nayo kwa utamu wake.

Biotini, ambayo ni vitamini ya kundi la B, inawafaa wachache wenye upungufu, ambao ni nadra. Kwa dozi kubwa huvuruga vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo na tezi ya shingo, kwa hiyo mwambie daktari kama unaitumia. Karotini ya vidonge nayo ilijaribiwa kwenye utafiti uleule wa Nambour, miligramu 30 kwa siku, na kwa jumla haikuonyesha faida juu ya kuzeeka kwa ngozi. Mchicha hauna mshindani.

Sindano na dripu za glutathioni za kung'arisha mwili ziepuke kabisa. Madhara yaliyoripotiwa yanahusu ini, figo na mzio mkali wa ngozi, na anayekuchoma saluni hana cha kukusaidia ukizidiwa.

Nipake nini asubuhi na jioni?

Vichache. Asubuhi nawa kwa maji, au kwa sabuni laini isiyo na manukato makali. Paka losheni ya kulainisha uso ukiwa bado na majimaji, kisha losheni ya jua juu yake. Jioni nawa vizuri kutoa jasho, vumbi na vipodozi, paka krimu moja yenye kazi maalumu kama unayo, halafu mafuta au losheni. Sabuni ya mche ibaki kwenye nguo. Dodoki na jiwe la kusugulia viishie miguuni, kwa kuwa ngozi yetu ikikwaruzwa hulipiza kwa doa jeusi.

Krimu za retinoli zinasemwa sana. Zinafaa kwa ngozi nyeusi?

Zinafaa, na kati ya vitu vya kupaka usiku hakuna familia iliyochunguzwa zaidi. Retinoli ni aina ya vitamini A. Ndugu yake mwenye nguvu, tretinoini, anatolewa kwa cheti cha daktari, na tangu miaka ya 1980 imeonekana kupunguza mikunjo midogo na madoa na kuusukuma mwili utengeneze kolajeni mpya. Matokeo huchukua miezi mitatu hadi sita.

Tatizo ni pupa. Mtu anapaka kila usiku tangu siku ya kwanza, uso unawaka, unamenyeka, na baada ya hapo kila palipowaka panabaki peusi. Anza usiku mara mbili kwa wiki, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, juu ya ngozi kavu. Ukisikia mchonyoto, paka losheni kwanza, retinoli juu yake. Ongeza siku taratibu. Mjamzito, na anayetafuta ujauzito, asitumie. Asidi ya azelaiki ina usalama zaidi kwake na hushughulikia madoa vilevile, ila aulize kliniki kwanza.

Nunua iliyo kwenye tyubu au chupa isiyopitisha mwanga. Retinoli huharibika kwa mwanga na hewa, na kichupa cha kioo kilichoanikwa kwenye kabati linaloangalia barabara kimekwisha nguvu kabla hujakilipia.

Na seramu ya vitamini C?

Ni nzuri ikiwa hai. Ikigeuka rangi ya chai ya rangi, imekufa. Kwa joto la Dar au Mombasa hilo huja upesi, kwa hiyo nunua chupa ndogo, iweke kwenye friji au kabati lenye giza. Kama hali hairuhusu, tafuta krimu au seramu ya niasinamidi, aina ya vitamini B3, ya asilimia 4 au 5. Inavumilia joto, haichomi, bei yake ni ya kati, na inasaidia madoa na mafuta mengi usoni. Kwa wengi wanaoniuliza, hiyo ndiyo ninayoanza kuwatajia.

Mafuta ya mgando, glisirini, nazi, shea: lipi bora?

Mafuta ya mgando hayana sifa mtandaoni kwa sababu ni ya bei rahisi. Ukiyapaka mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa haijakauka, huzuia karibu maji yote yasipotee, na hakuna krimu ya laki inayoyazidi kwa hilo. Glisirini huvuta maji. Ichanganye na maji kidogo, usiipake tupu. Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na huyeyuka haraka mkononi. Nazi inapendeza mwilini, lakini usoni huziba vinyweleo vya wenye chunusi. Hakuna hata moja kati ya haya inayozuia jua, hata muuzaji akiapa.

Limau, manjano, liwa, singo?

Limau na ndimu, hapana. Maji yake yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani, huleta malengelenge, kisha mabaka meusi yanayokaa miezi. Manjano hayadhuru ngozi ya wengi, lakini usikae nayo ukaona uso wa njano ukadhani umeng'aa. Liwa na singo ya harusini, hasa ile inayopakwa na somo anayejua kipimo chake, ni raha na harufu nzuri, na bibi harusi ana haki yake. Sugua kwa upole.

Mkorogo unaondoa madoa haraka kuliko vyote hivi. Kwa nini usitumike?

Kwa sababu hakuna kinachozeesha ngozi nyeusi upesi kama huo. Unang'oa melanini, yaani kinga pekee uliyozaliwa nayo, kisha unaipeleka ngozi iliyovuliwa sokoni saa sita mchana.

Ndani ya mkorogo hukosi mojawapo ya haya matatu. Zebaki, ambayo kwenye lebo inaweza kuitwa Calomel au Mercury, huharibu figo. Mkataba wa Minamata, ambao ni makubaliano ya kimataifa kuhusu zebaki, umeipiga marufuku kwenye vipodozi. Haidrokwinoni ni dawa ambayo baadhi ya madaktari huitumia kwa muda mfupi na kwa uangalizi, lakini ikipakwa miaka huleta mabaka ya bluu na nyeusi mashavuni ambayo ni magumu mno kutibu. Na steroidi kali, Clobetasol au Betamethasone, ambazo huuzwa kwa tyubu ndogo za bei ya chini: hizi hukondesha ngozi mpaka mishipa ionekane, huleta michirizi, chunusi na vinyweleo usoni, na kidonda kidogo hakifungi. Mafundi wa nguo za harusi wanaijua michirizi hiyo. Vifundo vya vidole hubaki vyeusi, na mtaani wameshakupa jina: uso Fanta, miguu Coca.

Nimeutumia miaka mingi. Niache leo?

Uache, lakini umwone daktari wa ngozi kwanza ikiwezekana, na uende na makopo yote, usione haya. Steroidi ikikatwa ghafla uso huwaka, huvimba na kutoa vipele kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi hurudi kwenye kopo wakidhani ngozi imeikosa dawa yake. Daktari anaweza kukupunguzia kwa hatua. Wakati huo tumia mafuta ya mgando, losheni ya jua na kivuli. Usiongeze kitu kingine kipya.

Nitajuaje bidhaa si feki?

Tanzania, vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu mwaka 2019, na Kenya angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la huko. Lebo iwe na orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe ya kuisha na jina la mtengenezaji. Kichupa kisicho na orodha, kilichochanganywa na "mtaalamu" wa mtandaoni, kirudishe. Alama ya kopo lililofunguka yenye 12M maana yake miezi 12 tangu ulifungue. Andika tarehe kwa kalamu chini yake. Lebo ikisema retinoli lakini neno Retinol liko mwisho kabisa wa orodha, baada ya manukato, huenda retinoli iliyomo ni kidogo sana.

Ni lini niache krimu niende hospitali?

Doa linalobadilika umbo, rangi au ukubwa, kidonda kisichopona ndani ya mwezi, au kipele kinachotoa damu kila kikiguswa. Angalia pia nyayo, viganja na chini ya kucha: kwa watu weusi melanoma, aina ya saratani ya ngozi, hupenda kuanzia huko, mahali ambapo jua halifiki. Mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au kuvuka kwenda kwenye ngozi ya pembeni, uonwe na daktari wiki hiyohiyo.